Nani Aliuchora Mstari wa Rangi?

Chukua watu mia wanaosubiri gari la Kariakoo pale Tandika asubuhi, uwapange kwa rangi ya ngozi, kuanzia mweusi tii hadi mweupe kuliko wote. Kila mmoja atafanana mno na jirani yake wa kushoto na wa kulia. Sasa uambiwe: kata mstari huo mafungu matatu. Utakata wapi? Popote utakapokata utawatenganisha watu wawili ambao jicho halioni tofauti yao. Hili ndilo swali la msingi la sayansi ya rangi, na halihitaji maabara.

Tuanzie kwenye ngozi yenyewe. Rangi yake hutokana na melanini, inayotengenezwa na seli maalumu zilizoko sehemu ya chini ya tabaka la juu. Idadi ya seli hizo inakaribiana kwa binadamu wote, awe wa Mbagala au wa Norway. Kinachotofautiana ni wingi na aina ya melanini zinayotengeneza. Mtazame dereva wa bodaboda anapovua jaketi jioni. Viganja vyake kwa nje vimepigwa na jua kutwa nzima na vimekoza weusi. Mkono uliokuwa ndani ya jaketi una rangi ya maji ya kunde. Mtu mmoja, vinasaba vilevile.

Jua kali la ikweta huharibu foleti mwilini, vitamini ambayo mama mjamzito anaihitaji sana, na melanini huikinga. Kaskazini ya mbali, ambako jua ni hafifu, melanini nyingi huizuia ngozi kutengeneza vitamini D ya kutosha, kwa hiyo huko wenye ngozi nyeupe zaidi walinufaika kizazi baada ya kizazi. Katikati ya pande hizo mbili hapana ukuta. Mwaka 2017, watafiti walioongozwa na Sarah Tishkoff wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha uchunguzi wa ngozi na vinasaba vya watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana. Walikuta kwamba vinasaba vya kuifanya ngozi iwe nyeusi na vya kuifanya iwe nyeupe vyote vimo humuhumu Afrika, na vingi vina umri wa mamia ya maelfu ya miaka.

Tubadili kipimo, tupange watu kwa damu. Mwaka 1954 daktari Anthony Allison, aliyefanya utafiti wake Afrika Mashariki, alionyesha kwamba mtu aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Ndiyo maana sikoseli ipo kwetu pwani, ipo Uarabuni, India na sehemu za Ugiriki, mahali ambako malaria ilikaa muda mrefu, na ni adimu miongoni mwa wenyeji wa kusini kabisa mwa Afrika. Kwa kipimo hiki, mtu wa Temeke anaangukia fungu moja na Mgiriki, na Mxhosa anabaki nje. Kwa kipimo cha ngozi mambo yanageuka. Hata vipimo vikiwa vingi, mstari hauonekani: mwaka 1972 mtaalamu wa vinasaba Richard Lewontin alichambua vipimo vya protini za damu za watu wa mataifa mengi, akakuta takriban asilimia 85 ya tofauti zote zimo ndani ya kila jamii, baina ya watu wanaoitana ndugu.

Kama mwili hautoi mstari, basi mstari unatoka kwingine. Unatoka serikalini.

Jimbo la Virginia, Marekani, lilitunga sheria mwaka 1924 iliyomtoa kwenye weupe kila mwenye babu Mwafrika, hata wa mbali kiasi gani. Watu wetu mia wa Tandika wangeingia karibu wote fungu moja. Dar es Salaam ya Mwingereza ilikata kwa namna nyingine: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kuitenga Kariakoo na Uhindini. Mpango wa mji wa mwaka 1949 uliacha kutaja rangi, ukataja msongamano. Oysterbay ikapewa msongamano mdogo, Upanga wa kati. Magomeni, Kinondoni na Temeke zikapewa mkubwa. Mafungu yalikuwa yaleyale matatu, ila sasa yaliandikwa kwa lugha ya wapimaji ardhi.

Mwaka 1958 na 1959 mgawanyo huo uliingia hadi kwenye sanduku la kura. Kila mpiga kura wa Tanganyika alitakiwa kuchagua watu watatu: Mwafrika, Mwasia na Mzungu. TANU ilikuwa imebishana sana Tabora Januari 1958 kabla ya kukubali kuingia kwenye uchaguzi wa namna hiyo. Oktoba 1961, baadhi ya wabunge walipotaka uraia ufuate rangi, Nyerere aliwapinga bungeni na kusema yuko tayari kujiuzulu. Naliona lile kuwa jambo kubwa kuliko mengi tunayomsifia. Sensa ya mwaka 1967 ikawa ya mwisho Tanzania Bara kuuliza kabila na asili ya mtu. Marekani imekuwa ikiuliza rangi tangu sensa yake ya kwanza ya 1790, na visanduku vyake vimebadilishwa mara nyingi. Kwa miaka hiyo yote miili ya watu ni ileile.

Lakini kitu kilichotungwa na watu kinaweza kuumiza kama homa. Oysterbay na Kinondoni ya vichochoro zimo katika wilaya moja leo. Anayetaka nyumba Oysterbay haulizwi asili yake, anaulizwa fedha, na hilo ni badiliko la kweli. Ila upana wa barabara anayopita, nafasi ya miti uani kwake, na kichochoro cha jirani wa upande wa pili ambamo gari la zimamoto halipiti, vilianza kupimwa na watu walioamini kwamba mstari ule umo ndani ya ngozi.