Mtoto Mwenye Kipaji Anapokutana na Shujaa Wake

Young Sheldon ni tamthilia ya vichekesho ya kifamilia iliyorushwa na kituo cha CBS nchini Marekani kuanzia mwaka 2017 hadi 2024. Mhusika wake mkuu, Sheldon Cooper, ni mtoto wa Texas ambaye akiwa na umri wa miaka 9 anasoma sekondari pamoja na vijana wanaomzidi umri. Katika sehemu mojawapo ya msimu wa kwanza, mhandisi wa NASA anaitembelea shule yao. Sheldon anamuuliza kuhusu roketi inayoweza kurudi ardhini na kutua wima ili itumike tena. Shujaa wake halitilii swali hilo maanani.

Mtoto anarudi nyumbani akiwa ameumia, na hatulii mpaka akamilishe hesabu za kuthibitisha hoja yake. Hatimaye familia inafunga safari hadi Houston. Mhandisi anazisoma hesabu hizo na kukiri kwamba wazo ni zuri, ila teknolojia ya wakati huo haijalifikia. Katika ulimwengu halisi, sehemu ya kwanza ya roketi ya Falcon 9 ilitua wima kwa mafanikio Desemba 2015.

Akili hutangulia, hisia hufuata

Kisa hiki kinaonyesha jambo linalosahaulika mara nyingi: ukuaji wa mtoto mwenye kipaji hauendi kwa mwendo mmoja. Anaweza kukokotoa hesabu za mtu mzima, lakini akadharauliwa akaumia kama mtoto yeyote wa umri wake. Mzazi akimwambia, "Wewe una akili, mbona unalia?" humtwisha mzigo usio wake. Kilicho bora ni kuitambua huzuni yake kwanza, kisha kulijadili swali lake.

Ikumbukwe pia kwamba kipaji si ugonjwa. Watazamaji wengi humhusisha Sheldon na usonji, ingawa watunzi wa tamthilia hawakumpa utambuzi huo. Mtoto anaweza kuwa na kipaji bila usonji, kuwa na usonji bila kipaji cha pekee, au kuwa na vyote viwili. Utambuzi hutolewa na mtaalamu baada ya kumchunguza mtoto na kuzungumza na familia yake. Tamthilia haiwezi kuwa kipimo.

Mwili unapozungumza

Wasiwasi wa mtoto huweza kujitokeza kama maumivu ya tumbo au ya kichwa, kukosa usingizi, au kukataa kwenda shule. Maumivu hayo ni ya kweli, wala si maigizo. Hata hivyo, wasiwasi usitumiwe kama jibu la haraka. Mtoto anayepungua uzito, anayetapika mara kwa mara, mwenye homa, mwenye damu kwenye choo, au anayeamshwa usiku na maumivu anapaswa kuchunguzwa hospitalini bila kuchelewa.

Kwa mhudumu wa afya

Kila siku, katika chumba cha daktari, yupo mtoto anayemtazama mhudumu kama Sheldon alivyomtazama mhandisi yule. Huenda akauliza dawa inajuaje mahali penye maumivu, au kwa nini anachomwa sindano ilhali vidonge vipo. Mambo matatu yatamsaidia:

1. Kuzungumza naye mwenyewe, si mzazi wake peke yake.
2. Kumjibu ukweli kwa lugha anayoimudu. Na jibu lisipojulikana, kukiri hivyo na kuahidi kulitafuta.
3. Kumwachia nafasi ya kueleza anachokihofia kabla ya kumgusa.

Mhandisi yule hakuwa na roketi ya kumpa Sheldon. Alichokuwa nacho ni dakika chache za kumsikiliza, na hizo zilitosha. Mtoto anayesikilizwa leo atathubutu kesho kusema mahali panapomuuma.