Pampu yangu imemeza kokoto?

*Nina pampu ya kumwagilia mboga hapa Mafiga. Tangu kiangazi kianze inanguruma kama imemeza kokoto, na tulipoifungua tulikuta mapanga yametoboka-toboka. Mwanangu anasoma uhandisi, ameigiza mtiririko wa maji kwenye kompyuta, lakini kila akirudia jibu linabadilika. Tufuate lipi?*
*Mama Mkulima, Mafiga*

Pole sana, mama. Kokoto hamna, hayo ni mapovu. Maji ya nyuzi 25 huchemka yakiwa baridi vilevile iwapo presha itashuka hadi kilopaskali 3 hivi, na hushuka kwanza pale maji yanapoingia kwenye mapanga. Povu likifika penye presha hubonyea ghafla na kumega chuma. Kiangazi maji yameshuka, pampu inavuta kutoka chini zaidi. Hata mitambo 9 ya Bwawa la Julius Nyerere, ya megawati 235 kila mmoja, hulindwa dhidi ya mapovu hayo.

Mwanao hajakosea njia. Kompyuta hukata nafasi ya maji vyumba vidogo vidogo na kukokotoa presha ya kila kimoja. Vikiwa vikubwa, jibu huyumba. Azidi kuvigawa, hasa kandokando ya mapanga, hadi jibu litulie, kisha alipime kwa geji.

Wewe usingoje hesabu. Sogeza pampu karibu na maji, safisha chujio, weka bomba pana la kuvutia, na valvu ya upande huo iache wazi kabisa. Ikiendelea kutetemeka, izime leo hii umwite fundi.