Kwa Nini Mitishamba Hubaki Nje ya Hospitali?

Hapa Kashikishi malaria ipo mwaka mzima, na wengine huanza na chungu cha majani kabla ya kwenda Hospitali ya St. Paul's. Nawasikia ndugu zetu wakidai madaktari wanachukia miti. Hapana. Dawa mseto wanayoitoa imetokana na atemisia, jamii ya pakanga. Tu Youyou wa China aliongozwa na kitabu cha kale cha tiba kuitafuta, akapata Nobeli 2015. Lakini yeye alitenga kiini, kikapimwa. Chai ya majani hayo leo kali, kesho hafifu, na vimelea vinavyosalia hujenga usugu. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Basi namwuliza mganga: mtoto wa kilo 10 anywe kiasi gani?