Kabla ya Irabu, Mdundo

Mtaalamu wa malezi na elimu ya awali anajibu maswali ya wazazi wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa.

Swali: Mwanangu ana miezi minne. Nikimwimbia, anapata nini?

Jibu: Maneno bado, mama, lakini sauti yako anaijua. Mtoto huanza kusikia miezi kadhaa kabla ya kuzaliwa. Mwimbie, kisha nyamaza kidogo. Ataguna au atarusha miguu. Hapo anajifunza kupokezana, na ndio mwanzo wa mazungumzo. Imba kwa lugha unayoimudu, iwe Kimatengo, Kinyasa au Kimanda.

Swali: Watoto wetu huiga mganda kwa kupiga makopo. Si kupoteza muda?

Jibu: Hasha. Mganda, uliotokana na ngoma ya beni baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, huchezwa kwa safu kama gwaride. Mtazame mtoto wa miaka mitano aliyejipanga nyuma ya kaka zake: jicho kwa kiongozi, mguu umeinuliwa, anauzuia usiitangulie ngoma. Kujizuia huko ndiko atakakokuhitaji darasani.

Swali: Na kusoma je?

Jibu: Pigeni makofi kwa silabi. Ka-ha-wa, matatu. Da-ga-a, matatu pia. Ile a ya mwisho ina kofi lake. Mbi-nga ni mawili, kwa kuwa m imeshikana na b. M-to nayo ni mawili, maana hapo m inasimama peke yake. Sikio likizoea kukata neno hivi, siku mwalimu atakapoandika ka, ha, wa ubaoni, mtoto atakutana na sauti anazozijua.

Swali: Nimesikia muziki wa Mozart huongeza akili. Nimwekee kwenye simu?

Jibu: Jaribio lililozua habari hiyo, Marekani mwaka 1993, lilihusu wanafunzi wa chuo kikuu, si watoto wachanga, na manufaa yake yalidumu dakika chache tu. Muziki huo si mbaya, ila simu haimsubiri mtoto ajibu. Wewe unamsubiri.

Swali: Narudi shambani nimechoka. Muda nitautoa wapi?

Jibu: Muda unao tayari, mama. Unapotwanga naye mgongoni, kila pigo la mchi linamfikia mwilini. Umeshampa mdundo, mwongezee sauti yako.