Taya limetangulia: nyaya zatosha?

*Daktari, nina miaka 29, naishi Njoro. Meno ya chini yamepita ya juu, hata chapati naing'ata kwa shida. Nimeambiwa nyaya pekee hazitoshi, lazima taya lipasuliwe. Ni kweli? – Msomaji*

Pole, ndugu. Huenda ni kweli: nyaya husogeza meno, si taya la mtu mzima. Utazivaa kwanza, mara nyingi mwaka au zaidi, na meno yataonekana kupishana hata zaidi. Usishtuke, yanapangwa yangoje taya. Kisha mfupa hukatwa kupitia ndani ya mdomo, ukashikiliwa kwa vibati na skrubu. Nyaya huendelea miezi kadhaa. Mdomo wa chini waweza kufa ganzi, pengine daima. Ulizia hilo kabla ya kutia sahihi. Meno yako yana madoa ya floraidi ya maji ya visima vyetu? Basi gundi ya nyaya yaweza kushika kwa shida. Taya likiuma au kukwama, usingoje: omba rufaa.