Nishati Isiyokwisha na Haki ya Mwenye Ardhi

Nishati tuitumiayo ni ya namna mbili. Ya kwanza ni yenye kwisha, kama makaa ya mawe, mafuta na gesi. Hiyo ilijijenga chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Ikichomwa hairudi, na moshi wake huzidisha joto la dunia. Ya pili ni isiyokwisha, kama jua, upepo, maji yatiririkayo na mvuke wa ardhini. Ulimwengu unahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili, na Kenya haiko nyuma: tangu mwaka 1981 mvuke wa Olkaria, karibu na Naivasha, umekuwa ukitupa umeme.

Huenda mtu akadhani ya kuwa kazi ni kubadilisha mitambo tu. Sivyo. Mambo mawili yaliyotokea nchini mwetu yatosha kutufunza.

La kwanza ni la Lamu. Ilikusudiwa kujengwa huko stesheni ya umeme wa makaa ya mawe ya megawati 1,050. Mwezi wa Juni 2019 baraza la hukumu za mazingira lilifuta leseni yake, kwa kuwa wenyeji hawakushirikishwa ipasavyo.

La pili ni la Loiyangalani, katika Marsabit, karibu na Ziwa Turkana. Huko vilisimamishwa vinu vya upepo 365, vyenye nguvu ya megawati 310. Mwaka 2017 vinu vilikuwa tayari, lakini nyaya za kuupeleka umeme hadi Suswa, mwendo wa zaidi ya kilomita 400, hazikuwa tayari. Upepo ukavuma bure hadi Septemba 2018. Kisha Oktoba 2021, Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Meru iliamua ya kuwa hati za ardhi ile, ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria, kwani taratibu za kuitenga ardhi ya jamii hazikufuatwa.

Tazameni basi: huku ni makaa, kule ni upepo, na kosa ni moja. Wote wawili waliingia bila ya kupiga hodi. Upepo hauna moshi, lakini usafi wake hausafishi hati mbovu, wala haumrudishii mfugaji malisho yake.

Hatusemi vinu ving'olewe. Nishati hii twaihitaji, na wajukuu wetu wataihitaji zaidi. Wala haifai kusema ya kuwa kuwauliza wenyeji ni kuchelewesha kazi, maana kesi huchelewesha zaidi. Kwa hiyo, popote uletwapo mradi wa jua, upepo au mvuke, yatupasa tuulize mapema mambo matatu: Ardhi hii ni ya nani, naye ameridhia? Umeme utapita njia gani? Na mwenyeji atapata fungu gani? Majibu yaandikwe na kusomwa mbele ya watu kabla nguzo ya kwanza haijasimamishwa.