VITA YA PILI YA DUNIA: NI WAKATI GANI VITA ILIGEUKA?
(Somo la historia kwa wale wa kilasi ya mwisho, na kwa kila mutu anayependa kujifunza)



Egzameni ya Leta iko karibu. Wenzetu mingi wamekwisha kushika tarehe za vita ya pili ya dunia sawa wimbo: 1939 Polandi, 1940 Ufaransa, 1942 Midway, 1943 Stalingrad, 1944 Normandie. Ni vizuri. Lakini ukiuliza mumoja wao: « Juu ya nini tunasema vita iligeuka pale Stalingrad? », atakujibu: « Juu watu mingi walikufa. » Jibu hili halitoshi. Watu mingi walikufa pahali pengi, na vita haikugeuka.

Kuna wengine tena wanaosema: « Ile ilikuwa vita ya wazungu, inatuhusu nini sisi? » Somo la leo linataka kujibu hawa wote wawili.

I. KUGEUKA KWA VITA NI NINI?

Fikirini muchezo wa mpira. Timu moja inashambulia tangu mwanzo, ingine inafukuza tu mpira mbali na goli lake. Kisha inafika dakika moja, na toka pale ile timu ya kwanza haivuki tena katikati ya kiwanja. Pengine goli halijaingia bado. Lakini kila mutu anayejua mpira anaona kama muchezo umegeuka.

Vita iko vile vile. Vita inageuka pale yule aliyekuwa anachagua anapoteza nguvu ya kuchagua. Basi kwa kila pigano, jiulize maulizo haya tatu:

1. Mbele ya pigano, nani alikuwa anachagua siku na pahali pa kupigana?
2. Ni kitu gani kilimwishia: chakula, mafuta, meli, askari ao njia?
3. Nyuma ya pigano, ni kitu gani hakuweza kufanya tena?

Tarehe bila maulizo haya ni sawa mifupa bila nyama.

II. MPAKA KATIKATI YA MWAKA 1942

Tarehe 1 mwezi wa 9, 1939, Wadachi, maana watu wa Ujerumani, waliingia Polandi. Mwaka 1940 walikamata Denmark, Norway, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Uingereza tu ilibaki imesimama, juu ndeke zake zilizuia zile za Wadachi kutawala anga, na bila anga Hitler hakuweza kuvusha askari kwenye bahari. Tarehe 22 mwezi wa 6, 1941, Wadachi na rafiki zao waliingia Urusi na askari kupita milioni 3. Walifika karibu na Moscow, lakini mwezi wa 12 Warusi waliwarudisha nyuma. Mwezi ule ule, tarehe 7, Wajapani walipiga meli za Marekani pale Pearl Harbor. Tarehe 15 mwezi wa 2, 1942, walikamata Singapore.

Tazameni vizuri: kwa sehemu kubwa ya wakati huu, ni Ujerumani na Japani waliochagua. Wengine walikuwa wanajibu tu.

III. MAPIGANO TATU YALIYOGEUZA VITA

A. Midway (tarehe 4 mpaka 7 mwezi wa 6, 1942)

Midway ni kisiwa kidogo katikati ya bahari ya Pasifiki. Wajapani walitaka kukikamata na kuvuta meli za Wamerikani waje kufa pale. Siku na pahali, ni wao waliochagua. Lakini Wamerikani walikuwa wamejifunza kusoma sehemu ya barua zao za siri. Katika barua zile pahali pa kushambuliwa paliitwa AF. Ili wajue kama AF ni Midway, Wamerikani waliamuru Midway itangaze kwa radio kama maji ya kunywa yamepunguka. Nyuma kidogo Wajapani waliandikiana: « AF haina maji ya kutosha. » Ikatosha. Meli za Marekani zilikwenda kungoja.

Wajapani walipoteza meli 4 kubwa za kubeba ndeke. Wamerikani walipoteza 1. Meli ya namna ile haijengwi kwa mwezi moja, na wenye kuendesha ndeke hawafundishwi kwa juma moja. Nyuma ya Midway, Japani haikuweza tena kwenda kushambulia mbali kama zamani. Tarehe 7 mwezi wa 8 ni Wamerikani waliochagua pahali: walishuka Guadalcanal.

B. El Alamein (mwezi wa 10 na wa 11, 1942)

Katika Misri, jenerali Rommel na askari wake Wadachi na Waitalia walifika mpaka El Alamein, karibu kilometa 100 na muji wa Alexandria. Nyuma ya Alexandria kulikuwa mufereji wa Suez. Lakini kadiri Rommel alivyoendelea, njia yake ya chakula ilizidi kuwa ndefu, na meli zilizomuletea mafuta toka Italia zilizamishwa baharini. Kifaru bila mafuta ni nyumba ya chuma tu.

Wangereza chini ya Montgomery walipata vyao kwa njia ingine: meli zilizunguka Afrika yote, zikapita bahari Nyekundu mpaka Suez. Kwa njia hiyo Marekani iliwaletea vifaru karibu 300 vya namna ya Sherman. Usiku wa tarehe 23 mwezi wa 10 Montgomery alianza, na vifaru vyake vilipita 1,000. Vya Rommel vilikuwa karibu 500. Tarehe 4 mwezi wa 11 Rommel alianza kurudi nyuma. Hakurudi tena Misri. Mwezi wa 5, 1943, Wadachi na Waitalia wa mwisho katika Afrika waliweka silaha chini pale Tunisia.

C. Stalingrad (mwezi wa 8, 1942 mpaka tarehe 2 mwezi wa 2, 1943)

Muji huu wa Urusi, kando ya muto Volga, leo unaitwa Volgograd. Hitler alitaka mafuta ya inchi za Kaukazi, na tena alitaka kukata njia ya Volga. Askari wake walipigana nyumba kwa nyumba, sakafu kwa sakafu. Walikamata karibu muji wote. Hapa ndipo wanafunzi mingi wanapotea: wanafikiri vita iligeuka ndani ya muji. Hapana. Tarehe 19 mwezi wa 11 Warusi walipiga mbali na muji, upande wa kaskazini, na kesho yake upande wa kusini, pale walipolinda Waromania wasiokuwa na silaha za kutosha. Nyuma ya siku 4 mikono miwili ya Warusi ilikutana. Askari zaidi ya 250,000 walikuwa ndani ya mufuko, na mufuko umefungwa.

Walikuwa na lazima ya tani 300 za chakula na risasi kila siku, hata zaidi. Ndeke ziliwaletea kwa kawaida karibu tani 100 tu. Njaa na baridi vilimaliza kazi. Jenerali Paulus alikamatwa tarehe 31 mwezi wa kwanza, 1943. Askari karibu 91,000 walikamatwa mwishoni, na kati yao wale waliorudi kwao hawakupita 6,000. Mwezi wa 7, 1943, Wadachi walijaribu tena pale Kursk, wakashindwa. Kutoka pale, upande ule, ni Warusi waliochagua.

IV. NA NORMANDIE?

Tarehe 6 mwezi wa 6, 1944, Wamerikani, Wangereza, Wakanada na wenzao walishusha watu zaidi ya 150,000 kwa siku moja pwani ya Ufaransa. Ni kazi kubwa kabisa. Lakini leteni ulizo la kwanza: nani alichagua siku na pahali? Ni wao. Kwa hiyo vita ilikuwa imekwisha kugeuka, na Normandie iliharakisha mwisho. Berlin ilianguka tarehe 2 mwezi wa 5, 1945. Siku 6 nyuma yake Ujerumani ilikubali kushindwa kabisa.

V. INATUHUSU NINI SISI?

Mumeona kama mapigano haya yote yalishindwa ao kupotezwa kwa ajili ya mafuta, chakula, meli na njia. Sasa tuulize: vitu vile vilitoka wapi, na nani alivibeba?

Kwanza, askari. Mwaka 1941 Force Publique, maana jeshi la Kongo wakati wa Wabelgiji, ilipita Sudani ikaingia Etiopia kupigana na Waitalia. Ilikamata Asosa mwezi wa 3, kisha Gambela. Tarehe 3 mwezi wa 7, pale Saio, jenerali Gazzera aliweka silaha chini pamoja na majenerali wengine 8 na maelfu ya askari. Wakongomani karibu 500 hawakurudi, na wengi wao waliuawa na magonjwa. Tuseme kweli: Saio haikugeuza dunia sawa Stalingrad. Hata bahari Nyekundu ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwezi wa 4, wakati Wangereza walipokamata Massawa. Lakini Saio ilimaliza Waitalia wa magharibi ya Etiopia. Bila vita ile nzima ya Etiopia, vifaru vya El Alamein vingepita njia gani?

Pili, kauchu. Singapore ilipoanguka, na visiwa vya Indonesia ya leo vikafuata, sehemu kubwa sana ya mpira wa miti wa dunia ilibaki mikononi mwa Wajapani. Magurudumu ya motokari na ya ndeke yalitaka mpira. Mwaka huo huo wa 1942 serikali ya koloni iliongeza siku za kazi ya nguvu vijijini, toka 60 mpaka 120 kwa mwaka, na watu walirudishwa porini kutafuta kauchu. Pigano la mbali liliingia katika nyumba za babu zetu, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Tatu, uraniumu. Mwaka 1940 tani zaidi ya 1,000 za mawe ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, zilipelekwa New York, na ingine ilifuata. Sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu iliyoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa 8, 1945, ilitoka Katanga. Wachimbaji hawakuambiwa ni ya kazi gani.

Basi, ndugu anayesema « vita ya wazungu », ajue hivi: ni kweli hatukuichagua. Lakini tuliibeba. Kutochagua na kutokuwamo si kitu kimoja. Mutu aliyebeba muzigo ana haki ya kuandikwa, na kama sisi hatumwandiki katika kaye zetu, nani atamwandika?

MAULIZO YA KURUDILIA

1. Juu ya nini Warusi hawakupiga Wadachi katikati ya muji wa Stalingrad, lakini upande wa kaskazini na wa kusini?
2. Ni uhusiano gani kati ya bahari Nyekundu na El Alamein?
3. Chukua Pearl Harbor, ukaipime kwa maulizo yetu tatu. Je, vita iligeuka pale, ao hapana? Eleza.
4. Uliza wazee wa kwenu walisikia nini juu ya wakati wa kauchu ao wa askari wa Saio. Andika mistari 10, pamoja na jina la kijiji na la yule aliyekusimulia.

Majibu ya ulizo la 4 mulete kwangu mbele ya likizo. Yale mazuri tutayaweka katika karatasi hii, ili wadogo zetu wayasome.

Kazi njema, na mufaulu wote.

Kapita wa wanafunzi, kilasi ya mwisho